Ukurasa wa Dorcas

Kati ya chumba cha Getruda cha kushonea na duka la jirani hakuna ukuta wa tofali. Kuna mbao tu, zilizopigwa misumari mwaka ule wanawake wawili walipogawana fremu moja pale Igoma, Mwanza, zikapakwa rangi ya bluu upande wa dukani na kuachwa hivyo hivyo upande wa cherehani. Kwa miaka kumi na moja mbao zile zilikuwa na sauti. Saa nne asubuhi Dorcas alizigonga mara mbili kwa rula yake ya mita, ile ya kupimia vitenge, na Getruda alijua chai imefika. Akigonga mara tatu, mteja anakuja na kitambaa, kiti kiandaliwe. Akigonga mfululizo bila hesabu, basi kuna umbea na lazima uliwe ungali wa moto.

Ni miezi mitano sasa mbao hazijagongwa. Upande wa pili amepanga Yassin, mtu mpole anayeuza misumari na rangi, ambaye hajui kwamba ukuta ule uliwahi kusema. Wiki iliyopita aliegemeza rafu ya chuma, nayo ikagonga mbao mara mbili. Getruda aliinua mguu kwenye kanyagio la cherehani, akasimama, akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake kwenye msumari. Kisha akakumbuka. Alikaa chini taratibu, akatazama mlangoni kama kuna aliyemwona, akaendelea kushona mstari ambao baadaye ilibidi aufumue.

Aliyekuwa akigonga ni Dorcas, mke wa Luhende dereva wa malori ya pamba, mama yake Shimba. Alikuwa mwanamke mrefu, shingo ndefu, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Kwenye kwaya ya akina mama aliimba sauti ya pili, na ule wimbo wao wa kuingilia ulianza naye peke yake, ubeti mzima, kabla wengine hawajajiunga. Dukani alikuwa sanamu la kuonyeshea bidhaa zake mwenyewe. Kitenge kilichokataa kuuzika wiki tatu, akikivaa Jumapili kwenda kanisani, kufikia Jumanne kimeisha. Watu walinunua kitambaa kwake, wakazunguka mlango wa pili kushonewa kwa Getruda. Aliyekuja kwa mmoja alikuwa amekuja kwa wote wawili.

Getruda alimzidi Dorcas miaka saba, na Dorcas alimwita dada Getu. Alikuwa fundi wa kweli, na alijua kwamba yeye ni fundi wa kweli, jambo ambalo lilimpa riziki na lilikuja kumponza. Fahari yake ilikuwa kaunta buku lenye jalada gumu, desturi aliyoirithi kutoka kwa fundi aliyemfundisha. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake: jina juu, tarehe pembeni, halafu kifua, kiuno, nyonga, mabega, urefu. Mteja wa siku nyingi hakupimwa tena kila anapoleta kitambaa. Alikatiwa kwa kitabu. Wanawake wa Igoma walilisema hilo kwa majivuno, kwamba wao wamo kwenye kitabu cha Getruda, na wengine waliokuwa wamenenepa walimwomba kwa utani asiwapime, awaache na namba zao za ujana.

Siku hizo wanawake walitaka vifua. Walikuja na picha kwenye simu, kifua kimejaa hadi kwenye kingo za kioo, wakasema: fundi, nataka hivi. Chini ya meza Getruda alikuwa na kiroba cha vipande vya sponji, na hakuna gauni la sherehe lililotoka pale bila kujazwa. Dorcas, ambaye kifua chake kilikuwa kidogo na hakijawahi kumsumbua, alishangaa mwanzoni. Kisha wateja wakaanza kumwambia, nguo ni nzuri lakini wewe huijazi, na mshangao ukageuka kitu kingine.

Mwaka 2018 kulikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi binti wa Rebeka, mwanakwaya mwenzao, mwanamke mwenye mdomo ambao hata mchungaji aliuogopa. Dorcas alileta kitambaa cheusi chenye kung'aa. Getruda alikuwa na magauni sita ya kukabidhi siku ile ile. Sponji za gauni la Dorcas alizishikiza kwa bandi tu, nyuzi za muda ambazo fundi huziweka akijua atarudi kushona vizuri. Hakurudi.

Wakati wa kucheza, sponji ya kushoto ikapanda hadi mfupa wa shingo. Mshereheshaji, mama mmoja wa kukodiwa, akaiona kabla ya watu wote. "Jamani!" alisema kwenye kipaza sauti. "Titi la kushoto linahama nyumba! Ewe titi, msubiri mwenzako!"

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Dorcas naye alicheka, akaibana sponji kwa kiganja, akacheza wimbo hadi mwisho. Getruda, aliyekuwa meza ya tatu na soda mkononi, alicheka pia. Hilo ndilo analolikumbuka kuliko sponji yenyewe. Alikuwa anajua ni uzi gani uliokatika, na alicheka.

Mwaka uliofuata Dorcas aligonga mbao mara moja tu, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote katika lugha yao, na Getruda akaenda kuona kuna nini. Dorcas alimkalisha kwenye majora ya vitenge. "Dada Getu, naenda Dar. Kuna hospitali wanafanya kifua. Luhende anajua, na sasa unajua wewe. Basi."

Getruda alimfungulia duka wiki tatu. Dorcas aliporudi, kifua kilitangulia kuingia mlangoni, yeye akafuata. Alisimulia akiwa amejishika mbavu kwa maumivu na kicheko. "Daktari ananiuliza, mama unataka saizi gani? Akanionyesha ndogo, ya kati. Nikawaza: nauli ni ile ile, maumivu ni yale yale, nirudi na kadogo ka nini? Nikamwambia, baba, nipe ile ya mwisho."

Hesabu ya mfanyabiashara wa jumla. Walicheka mpaka Getruda akashikilia cherehani. Halafu akampima, akaandika namba mpya chini ya zile za zamani, akarudi nyuma hatua mbili na kumtazama kama anavyotazama kazi yake. "Sasa nguo inakaa," alisema. Na kweli ilikaa. Mwezi ule walikuja wanawake kumi na wawili wakitaka blauzi kama ya Dorcas.

Walioshangaa waliambiwa ni sindano za uzazi wa mpango. Wengi wana ndugu aliyenenepeshwa na sindano hizo, hivyo habari ilipita. Rebeka peke yake alisema, "Mama Shimba, nipeleke na mimi kwa nesi huyo anayejua pa kuchoma." Watu wakacheka, ikaisha.

Miaka ikaenda. Getruda aliona mambo ambayo wengine hawakuyaona, kwa kuwa ni yeye aliyemvalisha. Aliona mifereji miwili mabegani ambako kanda za sidiria zililala. Aliona Dorcas akikaa chini kwa kujishika kiuno kama mjamzito. Kwenye kwaya alianza kuvuta pumzi katikati ya mstari aliouzoea kuumaliza. Wanaume waliokuja kununulia wake zao vitenge waliongea na kifua, wakataja rangi wanayotaka bila kuinua macho, na Dorcas, aliyekuwa akiwatania wateja wote, akawa anawahudumia akiwa nyuma ya kaunta, ameinua jora mbele yake.

Na dunia nayo ikageuka. Wasichana waliokuja kushonewa magauni ya harusi walianza kusema: "Fundi, toa sponji. Nataka nionekane mimi." Wengine walitaka kidogo tu, kisiwe cha kujulikana. Kiroba kilichokuwa chini ya meza kiliishia kuwa mto wa kukalia. Siku moja bibi harusi mmoja, mtoto wa watu wa Ilemela, alikuwa anapimwa huku akizungumza na mwenzake: "Yale makubwa ya miaka ile siku hizi ni ushamba. Ukimwona mtu nayo unajua tu alikuwa na hela na hakuwa na rafiki wa kumshauri." Alisema kwa sauti ya kawaida, wala hakuwa na mtu akilini. Upande wa pili wa mbao rula ya mita ilianguka sakafuni. Haikuokotwa kwa muda mrefu. Getruda, akiwa na pini mdomoni, aliendelea kupima.

Katikati ya mwaka jana Dorcas alisema anakwenda Dar kuchukua mzigo. Alifunga duka yeye mwenyewe, funguo akaondoka nazo. Alikaa karibu mwezi. Aliporudi mzigo ulikuwa majora manne, na yeye alikuwa amevaa sweta katika jua la Mwanza linalochemsha mawe. Alisema ameacha sindano, ameacha na ugali wa usiku. Wanawake wakamsifu. Alionekana mwepesi, alitembea amenyooka, na mwendo wake wa zamani ukarudi. Hakuna aliyeweza kusema kimebadilika nini hasa. Walisema tu, Dorcas umependeza.

Getruda aliona. Jicho la fundi halihitaji kuvuliwa sweta. Alisubiri mbao zigongwe mara moja, kama ile siku, aitwe, akalishwe kwenye majora, aambiwe. Alisubiri wiki ya kwanza na ya pili. Zikagongwa mara mbili, chai; mara tatu, mteja. Akaanza kuwa na neno rohoni dhidi ya rafiki yake, akalikalia kimya, akalilea.

Ndipo zikaja sare za jubilei. Kanisa lilikuwa linatimiza miaka hamsini, na kwaya ya akina mama ilitaka magauni mapya thelathini na mawili, ya kijani. Kitambaa kilitoka kwa Dorcas, kushona ni kwa Getruda. Waliokuwa wapya kwenye kwaya walikuja kupimwa. Wa zamani walikatiwa kwa kitabu. Zamu ya ukurasa wa Dorcas ilipofika, mkasi ulikaa juu ya kitambaa kwa muda. Angeweza kugonga mbao yeye, hata mara moja tu, aseme njoo nikupime. Hakugonga. Alikata kwa kitabu. Mpaka leo hajui kama ulikuwa uchovu, au alitaka Dorcas avae, aone, ndipo aje mwenyewe kumwambia.

Jumamosi ya kujaribu sare, ukumbi wa kanisa ulifungwa madirisha kwa kuwa akina mama walikuwa wakibadilisha nguo. Nje mwalimu Elias wa kwaya alikuwa anajaribu kinanda, akirudia mstari ule ule. Magauni yalikaa vizuri, mmoja baada ya mwingine, na Getruda alipita kati yao na futi ikining'inia shingoni, akipokea sifa bila kutabasamu, kama desturi ya mafundi. Dorcas alitoka mwisho nyuma ya pazia. Alikuwa amevaa sweta juu ya gauni.

"Mama Shimba, vua sweta tuone," alisema Paskazia, mwenyekiti wa kwaya.

"Joto lote hili," Rebeka akadakia, "umebeba mayai yasipoe?"

Dorcas akavua. Mabega yalikaa, kiuno kilikaa, lakini kifuani gauni lilining'inia mikunjo miwili mikubwa, kama mifuko iliyomwagwa.

"Ee fundi!" Rebeka akapiga makofi. "Hapa kuna wageni wawili walialikwa na hawajafika!"

Ukumbi ukacheka. Dorcas alicheka nao, akashika mikunjo kwa vidole. "Nimepungua, jamani, nimewaambia. Dada Getu atapunguza. Ni kazi ndogo, si ndiyo dada?"

Alikuwa amemfungulia mlango. Getruda alichotakiwa kusema ni neno moja: nitapunguza. Lakini Paskazia hakuwa amecheka.

"Si suala la kupunguza," alisema. "Wiki moja imebaki. Kama vipimo vyenyewe ni vya kubahatisha, nilisema mapema tupeleke kwa fundi wa mjini. Nyinyi mkasema hapana, Getruda ni wetu. Haya, wetu huyu hapa, macho yamekwenda."

"Vipimo vyangu si vya kubahatisha," alisema Getruda.

"Sasa hili gauni ni nini?"

"Mimi sikosei, mama mwenyekiti. Kila kitu nimeandika." Na akachomoa kaunta buku kwenye mfuko wake, akalifungua.

"Dada Getu," Dorcas alisema kwa sauti ya chini. "Acha tu."

Alimsikia. Hilo Getruda hajawahi kujidanganya, hata peke yake. Alimsikia, akayaona na macho ya Dorcas, akaweka kidole juu ya ukurasa.

"Dorcas Luhende. Elfu mbili kumi na saba. Kifua thelathini na tatu, kiuno ishirini na tisa, nyonga arobaini." Alisoma kama karani wa kanisa anavyosoma matangazo. "Elfu mbili kumi na tisa, mwezi wa nane. Kifua thelathini na tisa. Kiuno ishirini na tisa. Nyonga arobaini. Ndicho nilichokata, thelathini na tisa, mnaweza kupima gauni." Kisha akavua futi shingoni, akamzungushia Dorcas pale pale mbele ya wote, na Dorcas alisimama bila kuinua mikono, kama mtu anayepekuliwa. "Na leo. Kifua thelathini na tano." Mkono wake, kwa mazoea ya miaka thelathini, ukateremka wenyewe. "Kiuno ishirini na tisa. Kosa si la mkasi wangu."

Kinanda cha nje kilinyamaza, pengine kwa bahati tu. Ndani hakuna aliyecheka. Wale walikuwa wanawake waliopimwa maisha yao yote, wengi wakijua kushona wenyewe. Walijua sindano inaponenepesha haichagui, inapita kiunoni na nyongani. Walijua anayeacha ugali huanza kupungua tumbo. Na hapa kiuno kilikuwa kimesimama pale pale miaka minane, huku kifua kikipanda na kushuka peke yake. Hawakuhitaji kuelezwa.

"Kumbe," alisema Rebeka. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, hakuongeza neno.

Dorcas alirudi nyuma ya pazia. Alitoka na nguo zake, gauni ameliweka juu ya benchi, limekunjwa kwa kufuata mishono, jinsi wauza vitambaa wanavyokunja. "Asante, fundi," alisema. Hakusema dada. Akapita katikati yao, akafungua mlango, mwanga ukaingia, akafunga.

Siku ya jubilei waliimba bila yeye. Mwalimu Elias aliinua mkono kwa wimbo wa kuingilia, kwa mazoea, akamwelekea mtu wa pili kutoka kushoto, safu ya nyuma, na pale palikuwa na nafasi. Mkono wake ulibaki hewani. Kanisa zima lilisikia ule ukimya kabla Paskazia hajaanzisha kwa sauti isiyokuwa yake. Getruda alikuwa safu ya mbele, katika gauni la kijani lisilokuwa na kasoro hata moja.

Maneno yalitembea. Kwenye maegesho ya malori walimuuliza Luhende, "Eti mzee, vipuri vya nyumbani ulirudisha dukani?" na Luhende, mtu asiyegombana, aligombana. Sokoni wanaume walipita mbele ya duka polepole wakitazama, sasa wakitafuta kisichokuwapo. Haukupita mwezi Dorcas akapakia majora yote kwenye gari. Siku ya kuhama Getruda alikaa upande wake wa mbao, cherehani imesimama, akisikiliza rafu zikiburutwa. Alisubiri pigo lolote. Mwisho ilisikika kufuli.

Getruda alikaa miezi mitatu kabla ya kumfuata. Alikuwa amelipunguza lile gauni, akalifunga kwenye gazeti. Alipanda basi hadi Kigongo, akavuka kwa daraja, akashuka Busisi, kwao Luhende, alikohamia Dorcas. Njiani alijaribu maneno mengi. Yote yalianza na "lakini".

Mama mkwe wa Dorcas alikuwa anaanika mihogo uani. Getruda alimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba, na yule mama akamtazama kifurushi na uso, akaita ndani: "Mkamwana, kuna mgeni wako kutoka mjini." Kisha akachukua ungo wake akahamia upande mwingine wa nyumba. Getruda akaelewa kwamba huku pia wanajua.

Dorcas alitoka na kigoda, akampa. Alikuwa amevaa blauzi ya kawaida ya maua, kifua cha mwanamke wa umri wake, hakuna jicho ambalo lingerudi mara mbili. Alimletea chai, akakaa, akavuta kitambaa alichokuwa anapinda kwa mkono.

"Ungeniambia," Getruda alianza, na akajisikia vibaya kwamba ndivyo alivyoanza.

"Ningekuambia, ungeandika."

Dorcas aliendelea kupinda. Sindano ilipita mara kadhaa.

"Daktari ni yule yule," alisema Dorcas baadaye, bila kuinua uso. "Amezeeka kidogo. Aliniambia, mama, miaka ile wanawake waliniletea picha za wasanii. Siku hizi wananiletea picha zao wenyewe, za kabla. Wanataka kidogo, wanataka mtu asigundue. Na mimi nilipeleka picha. Unajua ipi? Ile ya siku tulipofungua duka. Tuko wawili, wewe umeshika mkasi. Nikamwambia, nirudishe karibu na huyu hapa. Nisiwe yeye kabisa, najua haiwezekani. Karibu tu. Mtu akiniona aseme Dorcas amepumzika." Akakata uzi kwa meno. "Ile ya kwanza niliifanya ili waone, dada. Hii niliifanya wasione. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakitafuta, wasione. Na nilikipata kama wiki sita."

Alimwita dada, na Getruda akatamani asingemwita.

"Ile sponji," alisema Getruda. "Ya sendofu. Niliishikiza kwa bandi tu. Nilikuwa na haraka."

"Najua. Niliifumua mwenyewe kesho yake. Uzi mweupe kwenye gauni jeusi."

"Na hukusema? Miaka yote?"

"Ningesema ili iweje? Ulikuwa rafiki yangu."

Getruda alifungua gazeti ili mikono yake ifanye kitu. Dorcas alilipokea gauni, akalitandaza magotini, akapitisha kidole kwenye mishono mipya ya kifuani. Ilikuwa kazi safi, hapakuonekana palipofumuliwa.

"Umelipunguza."

"Nimelipunguza."

"Ni thelathini na tano hii. Kwa kile kipimo cha ukumbini?"

Getruda alitaka kusema ndiyo. "Hapana," alisema. "Nililikata upya kwa jicho. Sikutaka kutumia kile."

Dorcas alimtazama kwa mara ya kwanza. "Kwa jicho," alirudia. "Basi jicho lako lilikuwa linajua. Tangu mwanzo lilikuwa linajua, kabla hujakata."

Kuku walipita kati yao. Upande wa pili wa nyumba mama mkwe alikuwa akigeuza mihogo mikavu, chakacha, chakacha.

"Nimekosea," alisema Getruda.

Lilikuwa neno dogo sana. Lingetoshea ukumbini siku ile, lingepita katikati ya kicheko cha Rebeka na hasira ya Paskazia, na wote wangelisahau kabla ya chai. Fundi amekosea kipimo, basi. Huku Busisi lilikaa juu ya ardhi, mbele ya vigoda viwili, hakuna aliyejua alifanyie nini.

"Ndiyo," alisema Dorcas. "Neno lenyewe ndilo hilo."

Alilikunja gauni kwa kufuata mishono, akalirudisha kwenye gazeti, akalishika. Hakusema atalivaa, hakusema hatalivaa. Jua lilipoanza kulala alimsindikiza mgeni wake, kwa kuwa mgeni husindikizwa, lakini badala ya kumfikisha barabarani alisimama kwenye ukingo wa ua. "Wasalimie," alisema. Getruda hakuuliza nani.

Siku hizi Getruda anapima kimya. Mteja akiuliza, "Kwani ni ngapi, fundi?" anamgeuzia karatasi asome mwenyewe. Ukurasa wa Dorcas bado umo kwenye kaunta buku. Namba aliyoitamka ukumbini hakuwahi kuiandika.

Dorcas anaishi Busisi, nyumba ya tatu ukitoka lilipokuwa geti la feri. Anauza vitenge siku za gulio. Nguo zake anajishonea mwenyewe, kwa mkono.